Mgeni kaagiza samaki "smoked", mama kaapa hana moshi hata chembe. Tusaidiane hili neno

#1 Mtoto wa Sahare

Habari za jioni wakuu.

Mie na mama tuna kijimgahawa hapa Tanga, upande wa Raskazone. Meza sita, mwembe mmoja na jiko la makaa uani. Mchana tunalisha watu wa maofisini, jioni wanapita wageni wachache wakitoka kuogelea. Kinachotuuza ni nguru wa kuchoma. Mama anamkata mapande, anamlaza kwenye ndimu, kitunguu thaumu na pilipili, kisha anamweka juu ya makaa na kumpakaza tui mpaka anang'aa. Mwezi uliopita nikajifanya msomi, nikaandika menyu ya Kiingereza. Huyo nguru nikamwita "smoked kingfish". Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kuna makaa, kuna kamoshi kidogo, basi ni smoked.

Juzi akaja mzee mmoja wa Denmark na mkewe, wapole kabisa. Wakaagiza huyo huyo. Mama kachoma kwa mapenzi yake yote. Mzee kaonja, kanyamaza, kakigeuza kipande upande wa pili kama mtu aliyedondosha kitu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini: samaki mtamu sana, lakini moshi uko wapi?

Kosa langu la pili likawa kumtafsiria mama vile vile. Yeye kasimama mlangoni na upepeo mkononi. Kusikia tu "moshi" akaja juu: "Mwambie hana moshi hata chembe! Makaa nimeyasubiri mpaka yakawa mekundu yote ndiyo nikamtia. Mie tangu nizaliwe sijampa mtu samaki mwenye moshi!"

Mimi nipo katikati. Mmoja anaudai moshi, mwingine anaapa haupo, na wote wanamsifu samaki yule yule.

Walicheka, wakala, wakalipa, wakaaga vizuri. Lakini mie usingizi haukuja. Naomba wajuzi mniambie: smoked hasa ni nini, na kwa Kiswahili tuiiteje? Maana mpwa wangu naye anasema timu yao imekuwa "smoked", na fundi vioo wa mtaani kwetu ana kibao cha "smoked glass". Vyote hivyo ni moshi?

#2 Jamvi la Barabara ya Nane

Naweka jamvi hapa. Mama aachiwe huru, hana kesi.

#3 Baharia Mstaafu

Dada, mfikishie mama salamu zangu, samaki wa tui namjua hata kwa kusimuliwa.

Mie nimezunguka na meli za mizigo miaka mingi, hilo neno limeshanitesa kabla yako. Kwa wenzetu samaki akiitwa smoked, maana yake kawekwa kwenye moshi kwa makusudi, saa kadhaa au hata siku, mpaka moshi ukamkaa mwilini. Moto wenyewe unaweza kuwa chumba cha pili, samaki asiuone kabisa. Nguru wa mama aliyelala juu ya makaa wanamwita grilled. Badilisha hilo neno moja kwenye menyu, wa Denmark wote watanyamaza.

Sasa kuna kituko. Mara ya kwanza kupewa samoni aliye smoked ilikuwa Bergen, kule Norway. Nikaona nyama laini, inang'aa, imekatwa nyembamba kama karatasi, rangi ya papai lililoiva. Nikamwangalia mpishi, nikajua kanidharau, kaniletea samaki mbichi. Na kweli hakuwa amepikwa! Huyo hulazwa kwenye chumvi, hukaushwa, kisha hupitishiwa moshi wa baridi usiozidi nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Anapata harufu, anapata rangi, lakini haivi. Yupo wa pili, wa moshi wa moto, nyuzi 70 au 80, huyo anaiva na kuachana minofu kama kibua. Wote wawili pakiti inasema smoked. Ndiyo maana Uingereza wajawazito wanashauriwa wasile yule wa moshi wa baridi mpaka apikwe, kwa sababu kuna vijidudu ambavyo moshi peke yake hauviui.

Na kwenye bekoni, samahani waungwana, kitimoto nakitaja kwa ajili ya elimu tu, madukani Uingereza utakuta pakiti mbili kando kwa kando: moja smoked, nyingine unsmoked. Hapo ndipo mie nilipoelewa. Kama kuna mtu analipa pesa kwa kitu ambacho hakikutiwa moshi na mwingine analipa kwa kilichotiwa, basi moshi kwao ni kiungo, kama sisi tunavyouliza na pilipili au bila pilipili.

#4 Mtoto wa Sahare

Anko asante sana. Yaani mie nimeandika kiungo ambacho jikoni hakipo. Lakini Kiswahili chake sasa?

#5 Chanja la Mbegani

Dada, mimi nilisomea uvuvi pale Mbegani, Bagamoyo. Kwenye vitabu vyetu tunaandika "samaki waliokaushwa kwa moshi". Ni refu, najua.

Ila nikuongezee jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana ukiijua kazi neno halikupotezi tena. Samaki anapasuliwa, anasafishwa, anakaa kwenye maji ya chumvi. Anatolewa anaachwa apigwe upepo mpaka ngozi ya juu inanata kidogo ukiigusa. Watu wengi wanairuka hatua hii, halafu wanashangaa samaki anatoka madoa madoa. Ule unato ndio unaoushika moshi. Baada ya hapo anapanda kwenye chanja. Moshi wenyewe una asidi na kemikali za kuni zinazowazuia wadudu wa kuoza, lakini kinachomfanya akae muda mrefu zaidi ni ile chumvi pamoja na kule kupoteza maji. Samaki wa moshi aliyebaki na maji mengi anaoza kama mwingine yeyote, tena anaoza akiwa na harufu nzuri, ndiyo hatari yake.

Kuni nazo zina adabu. Makumbi ya nazi ni mazuri, mwembe mzuri. Msonobari na miti yenye utomvu mwingi hapana, inatoa masizi na uchungu. Mbao zenye rangi au dawa ndiyo kabisa usijaribu.

Na moshi mchafu si wa kuchezea. Kuni zikiungua vibaya, mafuta ya samaki yakidondokea motoni, zinatoka kemikali zinazohusishwa na saratani. Ulaya wameweka kikomo cha benzopireni, mojawapo ya kemikali hizo, kwenye samaki wa moshi: mikrogramu 2 kwa kilo, tangu 2014. Ndiyo sababu matanuri yanaboreshwa. Kuna tanuri la Chorkor, limepata jina kwenye mtaa wa wavuvi huko Accra, Ghana, lenye machanja yanayopangwa ghorofa. Likaja jingine linaloitwa Thiaroye, asili yake Senegal, ambalo lina sinia la kukinga mafuta yasidondoke motoni, na moshi unatengenezwa kando.

#6 Mtu wa Rufiji

Jina refu lote hilo la nini? Sisi kwetu ni kambale wa kubanika, mchezo umeisha. Hajawahi kutokea mtu akaagiza kambale wa kubanika akaletewa wa kuchoma.

#7 Mwalimu wa Chumbageni

Nimestaafu kufundisha lakini bado chaki inaniwasha vidole, mtanisamehe.

Ndugu yangu wa Rufiji kubanika ni neno zuri, ila hapa pwani ya Tanga lina miguu miwili. Sikilizeni lilivyo jirani na kubana. Wavuvi walikuwa wakimpasua samaki, wanambana kwenye kijiti kilichochanwa, kijiti kinachomekwa mchangani kando ya moto, watu wanapiga soga mpaka anaiva. Huyo naye ni wa kubanika, na analiwa palepale, moto moto. Kambale wako wa Rufiji au Kilombero anakaa juu ya chanja siku nzima na zaidi mpaka anakuwa mgumu kama kuni na rangi ya kahawa, anasafiri hadi Kariakoo bila barafu. Jina moja, kazi mbili. Kinachowaunganisha ni kwamba samaki yuko mbali kidogo na moto na hana haraka. Kuchoma ni karibu na upesi. Kwa hiyo dada yetu ukiandika "nguru wa kubanika" peke yake, mtu wa Rufiji atatarajia kitu kimoja na mtu wa Pangani kingine.

Nikija kwenye sarufi, kwa kifupi. Smoked ni kivumishi kilichozaliwa na kitenzi, kinabeba kauli ya kutendwa: kitu kimefanyiwa. Pana ndugu yake, smoky, ambacho kinasema hali tu: kitu kina moshi, au kinanukia moshi, bila kujali nani kaufanya. Jiko la kuni ni smoky. Huwezi kusema jiko ni smoked, labda umelilaza kwenye chumvi. Na watoto wangu darasani walikuwa wakiandika "smoking fish", nawauliza, huyo samaki kakaa kitako anavuta sigara?

#8 Jamvi la Barabara ya Nane

Mwalimu umenikumbusha. Niliwahi kulala gesti moja mkoa jirani, mlangoni kuna karatasi: "No smoked in room." Nikajiuliza wanakataza sigara au wanasema humu hamna samaki.

#9 Mwalimu wa Chumbageni

Hilo linatokana na Kiswahili chetu, usiwacheke. Sisi sigara tunaivuta. Kitenzi chetu kinatazama pumzi ya mvutaji, chao kinatazama moshi. Mtu akitafuta tafsiri anadaka neno la kwanza lenye moshi ndani yake.

#10 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, mie nasema yeye anabonyeza.

Mnazungumza samaki tu, mnasahau nyumba. Sisi moshi mzuri tulikuwa tunauita kwa jina lake, kufukiza. Nguo za kutokea zilifunikwa juu ya tenga, chini chetezo kina udi au buhuri, ukipita mbele ya watu unasikia "nani huyo?" Chumba cha bibi harusi kilifukizwa. Mzazi alifukizwa. Na mtungi wa maji wa kunywa, kabla ya kutiwa maji, uliinamishwa juu ya ubani ukajaa moshi, ndipo maji yakamiminwa. Maji yale ukinywa saa saba mchana, na jua la Tanga lile, hutaki kusikia habari ya friji.

Sasa nawauliza nyie mliosoma, yale maji Mzungu angeyaitaje?

#11 Mtu wa Rufiji

Shikamoo bibi. Hapo umetufunga.

#12 Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa kanuni, hayo maji yangestahili kuitwa smoked, maana yamefanyiwa kwa makusudi. Lakini nguo za udi wasingeziita hivyo, wangesema zimetiwa manukato. Na 2020 nchi nzima tulipokuwa tunajifukiza kwa nyungu za majani, ule ulikuwa mvuke, kwao ni neno tofauti kabisa. Kufukiza kwetu kumebeba moshi na mvuke pamoja, na ndani yake mna nia njema: kunukisha, kusafisha, kuponya. Kubanika ni kwa ajili ya tumbo.

Na pale ambapo moshi umekuja bila kualikwa, hatusemi kimebanikwa wala kimefukizwa. Tunasema kimeingia moshi.

#13 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Naam! Wali ukiingia moshi mpishi anajificha. Nimehudhuria shughuli moja pilau sufuria tatu zimeingia moshi, mpaka leo yule mama akipita watu wanakohoa. Ndiyo maana nimemwelewa mama yake huyu binti. Kwake yeye kuulizwa moshi uko wapi ni kama kuulizwa mchanga uko wapi.

#14 Mtoto wa Sahare

Shikamoo bibi. Nimemsomea mama hii, kacheka mpaka kakaa chini. Anasema "huyo ndiye mtu mzima pekee humo".

#15 Mpima Majani

Hiyo ya kualikwa na kutoalikwa nimeiona kazini kila siku kwa miaka kumi na moja. Nilikuwa kiwanda cha chai huku Usambara, sitasema kipi.

Majani ya chai yakishachachuka yanakaushwa kwa hewa ya moto. Tanuru linachoma kuni upande mmoja, hewa safi inapita kwenye mabomba yaliyopashwa moto, inaingia kwenye kikaushio. Moshi na majani havitakiwi kuonana kabisa. Siku bomba likitoboka, moshi unapenya, na muonjaji anajua kwenye kijiko cha kwanza. Anatema, anaandika neno moja kwenye daftari: smoky. Neno hilo likiandikwa, mzigo unashuka bei na fundi wa tanuru anaitwa ofisini. Niliwahi kuitwa mimi, na kosa lilikuwa tundu dogo la kutu, kama la sindano.

Halafu siku moja mgeni akatuletea pakiti ya chai ya Kichina, Lapsang Souchong, ya kutoka Fujian. Ile wanaikausha kwa moshi wa misonobari kwa makusudi. Kunusa tu, sote tukasema hii bomba limetoboka. Kumbe inauzwa ghali kuliko ya kwetu! Hiyo pakiti inaandikwa smoked. Ya kwetu ikipata harufu hiyo hiyo inaandikwa smoky na inakatwa bei. Tangu siku hiyo sikuwahi kuyachanganya hayo maneno mawili.

#16 Chanja la Mbegani

Mkuu, ila huo msonobari mie nimeukataa kwa samaki post ya juu, kumbe Wachina wanautia kwenye chai.

#17 Mpima Majani

Ndiyo hivyo, kila mtu na ulimi wake.

#18 Mjukuu wa Kihuhwi

Mmetaja Usambara mkasahau Muheza. Kule kwetu kuna kitu smoked ambacho hakiliwi kabisa: mpira.

Shamba la mpira la Kihuhwi babu alifanya kazi humo. Utomvu unagemwa alfajiri, unachujwa, unagandishwa kwa asidi, unakuwa kama jibini jeupe. Unapitishwa kwenye mashine yenye roli za mistari, unatoka shuka, halafu mashuka hayo yanatundikwa kwenye nyumba ya moshi siku kadhaa mpaka yanageuka rangi ya asali iliyokolea. Moshi unayakausha na kuzuia ukungu. Duniani kote mpira wa namna hiyo unajulikana kwa herufi tatu, RSS, na ile S ya katikati ndiyo smoked. Una madaraja, 1 mpaka 5, wapimaji wanalinyanyua shuka kwenye mwanga wakitafuta mapovu, ukungu na uchafu.

Babu akirudi nyumbani bibi alikuwa anamwambia avue shati nje. Huyo babu ndiye alikuwa smoked kuliko wote.

#19 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu, huyo babu kaingia moshi. Angefukizwa asingevuliwa shati.

#20 Jamvi la Barabara ya Nane

Bibi hana mpinzani 😂

#21 Kijana wa Makorora

Shikamooni wakubwa. Naona mambo ya mpwa yamerukwa, ngoja nimtetee.

"We got smoked" maana yake tumepigwa vibaya, hasa kwenye mbio au mechi, yaani mwenzako kakuacha mbali mno. Kwa huku kwetu ni kula mkono, au kuachwa mataa kama ni mbio. Ukifungwa moja bila usiseme smoked, watakucheka. Lakini kuna maana nyingine ya mitaani kule Marekani, smoked ikiwa na maana ya kuuawa. Kwa hiyo ukisoma habari ya kule kwamba mtu fulani kawa smoked, usifikirie nguru. Na usilitumie kwa mtu ambaye ana msiba.

#22 Mtoto wa Sahare

Asante mdogo wangu. Nimemuuliza mpwa, amekiri: walikula mkono na kidole juu.

#23 Mwalimu wa Chumbageni

Bado kioo. Hiki nina deni nacho.

Zamani jua likipatwa, watu walichukua kipande cha kioo, wakakishikilia juu ya koroboi mpaka kikapata masizi meusi, wakatazamia jua. Hicho ndicho smoked glass ya asili, na utakikuta kwenye vitabu vya zamani vya Kiingereza. Maabara nazo zilikuwa na pipa dogo linalozunguka, limevikwa karatasi yenye masizi, sindano inachora juu yake mapigo ya msuli wa chura. Wanafunzi wa baiolojia wa enzi zile wanajua nasema nini.

Tarehe 1 Septemba 2016, lile jua lilipopatwa likabaki pete, watu wakasafiri hadi Rujewa, Mbarali, kulishuhudia. Hapa mtaani kuna waliotaka kurudia mchezo wa koroboi. Niliwafukuza na fimbo. Masizi yanapunguza mwanga unaouona, ile mionzi usiyoiona inapita na kuunguza jicho polepole, na jicho halipigi kelele likiungua. Miwani maalumu ipo, itumieni.

#24 Fundi Vioo

Kibao kilichosemwa pale juu nadhani ni changu 😅. Niseme ukweli, vioo vyangu havijawahi kuonana na moshi. Rangi ya kijivu au kahawia inatiwa kiwandani kioo kikiwa bado uji, au kinabandikwa filamu. Jina limebaki kwa sababu kinafanana na kile cha masizi. Wateja wa magari wao wanasema "tinted" tu, wa meza na makabati ya sebuleni ndio wanaoomba smoked. Nikiandika "kioo cha moshi" nani atanunua? Atadhani kimenusurika kwenye moto.

#25 Baharia Mstaafu

Nimerudi na moja ndogo. Ukinunua vitu vya pakiti, soma vizuri. Kuna kilicho smoked, na kuna kilichoandikwa kina ladha ya moshi. Hicho cha pili hakikuingia tanuri lolote, kimenyunyiziwa moshi uliogeuzwa maji ukatiwa chupani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa vibali vya vionjo 8 vya namna hiyo kwa sababu ya wasiwasi wa kiafya. Ile pilipili nyekundu ya unga ya Hispania, ya La Vera, ni smoked kweli, inakaushwa juu ya moto wa mwaloni. Nilikuja na kopo moja, mke wangu akalitupa. Alisema limeingia moshi.

#26 Mtoto wa Sahare

Wakuu narudi na mrejesho, baada ya siku tisa.

Kwanza menyu. Nguru wa mama sasa ni grilled kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili amebaki "nguru wa kuchoma wa tui" kama alivyokuwa siku zote.

Halafu tamaa ikaniingia. Nikasema kama kuna watu wanautafuta moshi kwa pesa yao, kwa nini tusiwape? Chanja la Mbegani alinielekeza faragha, nikapata pipa la mafuta ya kula, nikalisugua, nikalitoboa, fundi akanichomelea machanja mawili. Asubuhi nikaenda soko la samaki la Deep Sea, nikapata vibua vizuri na jodari mdogo. Chumvi, upepo, nikasubiri ule unato. Makumbi nikayanyunyizia maji kidogo yasiwake. Mama kakaa mbali, kajifunika ushungi puani, anaangalia kama mtu anayeangalia mwanawe akiichoma nyumba.

Kosa langu: sikuangalia upepo. Ilikuwa Alhamisi. Jirani yetu, mzee wa watu, alikuwa kaanika kanzu zake mbili nyeupe za Ijumaa. Saa nne nzima moshi wa makumbi umekwenda moja kwa moja kwenye kamba yake.

#27 Jamvi la Barabara ya Nane

Uwiiii.

#28 Mwalimu wa Chumbageni

Swali la mtihani: kanzu zimefukizwa, zimebanikwa au zimeingia moshi?

#29 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Zimeingia moshi, na binti azifue kwa mkono wake.

#30 Mtoto wa Sahare

Nimezifua bibi, mara mbili, na mama akazitia udi juu. Nikampelekea mzee pamoja na vibua viwili kwenye sahani kumwomba radhi. Akapokea kanzu, akazinusa, hakusema neno. Akapokea sahani, akanusa, akafunga mlango.

Mama hajaonja bado. Anasema akitaka moshi atakwenda kukaa jikoni kwa shangazi Pongwe. Lakini jina kalikubali, tumeandika "vibua wa kubanika kwa makumbi", na chini yake kwa Kiingereza smoked mackerel. Alikataa katakata "samaki wa moshi". Nikamwambia Mwalimu kasema kubanika kuna maana mbili, akasema ndiyo maana kaongeza makumbi.

#31 Mtu wa Rufiji

Mama apewe kiti BAKITA, kwenye baraza la Kiswahili.

#32 Baharia Mstaafu

Na yule mzee wa Denmark?

#33 Mtoto wa Sahare

Alishaondoka anko, tena kabla sijapata hata pipa. Lakini leo asubuhi jirani kagonga hodi na sahani yangu. Imeoshwa. Kaniuliza nitabanika tena lini, nimemwambia Alhamisi. Kasema sawa, kanzu ataanika Jumatano.